Tandala, Pofu, Pongo na Jamaa Zao: Mwongozo Kamili wa Kuandika Majina Yao ya Kisayansi Bila Kukosea

Kosa ni lile lile, iwe kwenye kibao cha hifadhi, kipeperushi cha safari au ripoti ya mwanafunzi aliyetoka mafunzo kwa vitendo. Ukurasa wa kwanza pofu anaitwa *Taurotragus oryx*. Ukurasa wa saba anaitwa *Tragelaphus oryx*. Mwandishi hana habari kwamba ni mnyama yuleyule. Mwingine anayaona majina hayo mawili, anadhani ni wanyama wawili, na hifadhi yake inapata spishi ya ziada ambayo hakuna askari wa doria atakayeiona mpaka Kiyama.

Mwongozo huu unahusu kundi moja tu: wanyama wa jamii ya swala wenye pembe zilizosokoteka, ambao wanasayansi wamewaweka katika kabila la Tragelaphini. Kwa hesabu ya kawaida ni spishi tisa. Sita kati yao unaweza kuwakuta Kenya au Tanzania.

## Utakachohitaji

- Orodha, kibao au ripoti yako ya zamani, hata kama imejaa makosa. Hasa kama imejaa makosa.
- Chanzo kimoja cha uainishaji utakachokifuata. Kimoja, si vitatu.
- Picha ya mnyama au maelezo yake, pamoja na mahali alipoonekana.
- Lahajedwali, au daftari lililopigwa mistari, lenye safu tano: jina la Kiswahili, jina la kisayansi unalotumia, mtunzi (aliyempa mnyama jina hilo) na mwaka, majina ya zamani, na chanzo.
- Jioni moja. Kwa spishi tisa inatosha, na chai utakunywa.

Kabla ya hatua ya kwanza, kaa na jambo hili kichwani, maana kila kitu kinachofuata kinaliegemea. Jina la kisayansi la spishi lina maneno mawili, na maneno hayo hayafanyi kazi moja. Neno la pili ni la mnyama mwenyewe, na kwa kawaida humfuata popote anapohamishiwa. Neno la kwanza linasema yeye ni wa ukoo gani, na ukoo ni maoni ya wataalamu. Maoni hubadilika. Kwa hiyo mtu akikuambia "jina limebadilika", mara nyingi lililobadilika ni neno la kwanza tu.

## Hatua ya 1: Mjue mnyama kabla ya kumpa jina

Majina yetu ya Kiswahili ni mazuri lakini yana mitego. Pongo na mbawala ni mnyama mmoja. Kulungu kwa wengine ni huyo huyo pongo, na kwenye hadithi zilizotafsiriwa kulungu ni mnyama yeyote wa Ulaya mwenye pembe za matawi. Pofu huitwa pia mpofu, na wengine humwita mbunju. Ukianza na jina la Kiswahili peke yake utajikuta umempa mnyama jina la jirani yake.

Tumia mwili wake:

Pofu. Mkubwa kama ng'ombe, mwenye ngozi inayoning'inia chini ya shingo. Dume na jike wote wana pembe, nyoofu, zenye msokoto wa kubana karibu na mizizi.

Tandala mkubwa. Dume ana pembe ndefu zinazozunguka kama parafujo, na ana manyoya marefu kooni mfano wa ndevu. Jike hana pembe.

Tandala mdogo. Mwembamba, mistari yake myeupe ya ubavuni ni mingi na iko wazi, ana mabaka mawili meupe shingoni, na kooni hana ndevu. Ruaha wanapatikana tandala wote wawili, kwa hiyo ukiandika "tandala" bila kusema yupi, msomaji wa Ruaha hujamsaidia.

Pongo. Mdogo kuliko hao, ana madoa na mistari myeupe, hukaa peke yake vichakani na pembezoni mwa misitu.

Nzohe. Mnyama wa matopeni. Kwato zake ndefu hupanuka anapokanyaga mafunjo. Saiwa, karibu na Kitale, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili yake. Kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Viktoria wapo pia.

Bongo. Rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, mistari myeupe kama iliyochorwa kwa chaki, dume na jike wote wana pembe. Kwa upande wetu yuko kwenye misitu ya milima ya Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau, Eburu.

Waliobaki watatu hawaishi porini Kenya wala Tanzania. Nyala ni wa kusini: Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Eswatini na Afrika Kusini. Nyala wa milimani yuko nyanda za juu za Ethiopia, hasa Bale. Pofu mkubwa, anayeitwa pia pofu wa Derby, ni wa savana za Afrika ya magharibi na kati.

*Tahadhari.* Choroa, palahala na korongo si wa kundi hili. Pembe zao zina pete, nazo ni nyoofu au zimepinda kurudi nyuma, lakini hazijasokoteka. Ukiwakuta kwenye orodha yako chini ya Tragelaphini, watoe sasa hivi.

*Umefanikiwa ikiwa* kila mstari wa daftari lako una mnyama mmoja unayeweza kumweleza kwa mwili na mahali, bila kutaja Kilatini chochote.

## Hatua ya 2: Chagua chanzo kimoja na ukiandike juu ya orodha

Watu wengi huanguka hapa bila kujua wameanguka. Wanachukua jina la pofu kwenye kitabu cha mwaka 1990, la pongo kwenye ukurasa wa intaneti, la tandala kwenye kibao cha langoni. Kila jina peke yake ni sahihi. Orodha nzima si sahihi, kwa sababu inafuata mabwana watatu wasiokubaliana.

Kwa kundi hili utakutana na misimamo mitatu:

Wa kwanza ni wa orodha za zamani kidogo, ikiwemo toleo la tatu la *Mammal Species of the World* la mwaka 2005. Hapo pofu wawili wako kwenye jenasi (ule ukoo unaotajwa na neno la kwanza) *Taurotragus*, na wengine wote wako kwenye *Tragelaphus*.

Wa pili ni wa Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ambayo sasa inawaweka wote tisa, pofu wakiwemo, chini ya *Tragelaphus*.

Wa tatu ni wa Colin Groves na Peter Grubb, waliotoa uainishaji mpya wa wanyama wenye kwato mwaka 2011. Wao waliikata *Tragelaphus* vipande vipande, wakafufua jenasi za zamani, na spishi zikaongezeka sana.

Ushauri wangu, kama huna sababu ya pekee: fuata IUCN. Si kwamba wana ufunguo wa mbinguni. Ni kwamba ripoti nyingi za uhifadhi zitakazowekwa kando ya yako zinataja hali ya mnyama kwa Orodha Nyekundu, na msomaji atataka majina yalingane. Lakini kama chuo chako au mhariri wako anadai uainishaji mwingine, fuata huo, mradi ufuate wote.

*Umefanikiwa ikiwa* juu ya orodha pana sentensi moja ya namna hii: "Majina yanafuata Orodha Nyekundu ya IUCN, kama yalivyoonekana" kisha tarehe.

## Hatua ya 3: Shika neno la pili

Sasa chukua majina yote ya zamani uliyonayo na uyapange kwa neno la pili, si la kwanza. Ghafla fujo inapungua. *Antilope oryx*, *Taurotragus oryx*, *Tragelaphus oryx*: neno la pili ni moja, naye ni pofu. *Strepsiceros imberbis*, *Ammelaphus imberbis*, *Tragelaphus imberbis*: wote ni tandala mdogo.

Ukijua maana ya neno hilo, utalikumbuka bila kukariri:

- *strepsiceros*: pembe zilizosokotwa. Tandala mkubwa.
- *imberbis*: asiye na ndevu. Ndiyo ile alama ya kooni tuliyoitaja, na ndiyo njia ya haraka ya kuwatenganisha tandala.
- *scriptus*: aliyeandikwa. Pongo, kwa sababu ya zile alama nyeupe ubavuni, kama mtu aliyejaribu kalamu.
- *eurycerus*: mwenye pembe pana. Bongo.
- *spekii*, *angasii*, *buxtoni*, *derbianus*: majina ya watu. Nzohe, nyala, nyala wa milimani na pofu mkubwa.

Na *oryx*? Hapo kuna kichekesho ambacho kimenigharimu mimi mwenyewe. Mwaka 1766 mtaalamu wa wanyama Pallas alimpa pofu jina *oryx*. Leo neno Oryx, kwa herufi kubwa, ni jenasi ya choroa na ndugu zake. Na choroa wa kusini mwa Afrika anaitwa *Oryx gazella*, ingawa wala si swala wa aina ile tunayoiita gazeli. Nilipokuwa naanza kazi hii niliona *Antilope oryx* kwenye karatasi ya zamani, nikaandika "choroa" kwa kujiamini kabisa. Pofu wote wa karatasi ile wakageuka choroa, tena katika nchi ya nyasi ndefu na miti.

*Tahadhari.* *oryx* kwa herufi ndogo, likiwa neno la pili, ni pofu. *Oryx* kwa herufi kubwa, likiwa neno la kwanza, ni ukoo wa choroa. Herufi moja inabadilisha mnyama.

*Umefanikiwa ikiwa* kila jina la zamani limepata nyumba chini ya mojawapo ya maneno tisa ya pili, na hakuna mnyama mwenye nyumba mbili.

## Hatua ya 4: Amua neno la kwanza

Hatua hii ina maneno mengi kuliko nyingine, kwa hiyo tulia.

Pallas alipowaita wanyama hawa mwaka 1766 aliwatia wote kwenye *Antilope*. Lilikuwa kapu la kila kitu chenye kwato na pembe zisizo za ng'ombe, mbuzi wala kondoo. Leo kapu hilo limebaki na spishi moja tu, swala mweusi wa India, *Antilope cervicapra*. Wengine wote walitolewa, na kila aliyewatoa aliwajengea chumba kwa jinsi alivyowaona.

*Tragelaphus* lilitolewa mwaka 1816 na Blainville, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: beku, yaani mbuzi dume, na kulungu, yule wa pembe za matawi. *Taurotragus* likaja mwaka 1855, kutoka kwa Wagner, nalo maana yake ni fahali na beku. Pofu alistahili chumba chake, walisema. Ni mzito, ana mwili wa ng'ombe, na jike wake ana pembe. Bongo naye, ambaye jike wake ana pembe vilevile, wengine walimjengea *Boocercus*, na wengine wakamhamishia kwa pofu wakamwita *Taurotragus eurycerus*. Nzohe akapewa *Limnotragus*, neno lenye harufu ya kinamasi. Ukikuta mojawapo ya hayo kwenye kitabu, usishtuke. Ni chumba cha zamani.

Kilichovuruga mambo ni DNA. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya kundi zima, kazi ya Willows-Munro na wenzake ya mwaka 2005 ikiwa mojawapo, pofu hawakukaa kando kama tawi la peke yao. Waliangukia ndani ya matawi ya *Tragelaphus*. Tandala mdogo, kinyume chake, alionekana kujitenga mapema sana. Maana yake ni kwamba tandala mdogo na tandala mkubwa hawana undugu wa karibu kama Kiswahili chetu, na Kiingereza pia, vinavyodai.

Sasa fikiria ukoo wa bibi mmoja. Huwezi kusema "wajukuu wa bibi ni hawa wote, isipokuwa yule mnene." Unene haumtoi mtu kwenye ukoo. Kwa hiyo zinabaki njia mbili za haki: ama umrudishe mnene nyumbani, yaani pofu waingie *Tragelaphus*, ama uvunje nyumba kubwa na kumpa kila tawi nyumba yake. IUCN wamefuata njia ya kwanza. Groves na Grubb walifuata ya pili: kwao tandala mkubwa ni wa *Strepsiceros*, tandala mdogo ni wa *Ammelaphus*, na pofu wanabaki *Taurotragus*.

Ule msimamo wa kale, wa kumwacha pofu nje na kuwaacha wengine wote ndani, ndio usiopatana na matokeo ya DNA. Hata hivyo utaukuta kwenye vitabu vingi vya mkononi, na vingi vitaendelea kuuzwa. Usimcheke anayeutumia, wala usimwambie jina lake ni la uongo. *Taurotragus oryx* ni jina halali lililotungwa kwa kanuni; kilichobadilika ni maoni kuhusu ukoo.

*Tahadhari.* Jina kama *Strepsiceros strepsiceros* si kosa la chapa. Kanuni za majina ya wanyama zinaruhusu neno kurudiwa. Za mimea ndizo zinazokataza. Mhariri wako akilikata neno la pili, mrudishie.

*Tahadhari nyingine.* Usichanganye. *Ammelaphus imberbis* na *Tragelaphus oryx* kwenye orodha moja ni kama kulala nyumba mbili kwa usiku mmoja.

*Umefanikiwa ikiwa*, kwa anayefuata IUCN, safu yako ya majina ya kisayansi inaanza na *Tragelaphus* mara tisa.

## Hatua ya 5: Pongo mmoja au wawili?

Pongo anahitaji hatua yake, kwa sababu kwake ugomvi uko kwenye neno la pili.

Kwa miaka mingi alikuwa *Tragelaphus scriptus* kutoka Senegal hadi Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 2007, na tena 2009, Yoshan Moodley na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama. Walipata makundi mawili makubwa: moja la upande wa magharibi na kaskazini, jingine la upande wa mashariki na kusini. Ajabu yake ni kwamba, kwa DNA hiyo, makundi hayo mawili hayakuwa hata ndugu wa karibu zaidi. Ndipo wengine wakaanza kumwandika pongo wa mashariki na kusini kama *Tragelaphus sylvaticus*, jina alilopewa na Sparrman mwaka 1780 kutokana na pongo wa kusini mwa Afrika. Groves na Grubb walikwenda mbali zaidi, wakawagawa pongo kuwa spishi nane.

Uchunguzi wa baadaye wa DNA ya kiini cha seli ulitoa sura nyingine, ya pongo wote kukaa pamoja katika tawi moja. DNA ya mama inaweza kuvuka kutoka spishi moja kwenda nyingine pale wanyama wanapozaliana nje ya mipaka yao, na ikadumu humo kwa vizazi vingi. Kwa hiyo mitokondria peke yake haitoshi kumhukumu pongo.

Ufanye nini basi? Fanya hivi:

Ukifuata IUCN, andika *Tragelaphus scriptus* kwa pongo wote, uishie hapo.

Ukifuata chanzo kinachowagawa wawili, pongo wa Kenya na Tanzania ni *Tragelaphus sylvaticus*. Uganda uwe mwangalifu zaidi, maana makundi hayo mawili yanakaribiana huko. Taja mahali hasa mnyama alipoonekana, usiishie kwenye jina la nchi.

Ukifuata spishi nane, hakikisha unajua unachokifanya, na uwe na kielelezo, yaani mabaki ya mnyama yaliyohifadhiwa, mkononi. Kwa kibao cha watalii, sioni faida yake.

*Tahadhari.* Usiandike "*Tragelaphus scriptus sylvaticus*" na "*Tragelaphus sylvaticus*" kwenye kazi moja. La kwanza linamfanya nususpishi, yaani kundi dogo ndani ya spishi, la pili spishi. Msomaji makini atajua hujachagua.

## Hatua ya 6: Kagua mkia wa jina

Makosa mengi ya kundi hili yako kwenye herufi mbili za mwisho.

Jinsia ya neno. *Antilope* ni neno la kike, kwa hiyo Pallas aliandika *Antilope scripta*. *Tragelaphus* ni la kiume, kwa hiyo pongo alipohamia humo akawa *scriptus*. Vivyo hivyo *sylvatica* ikawa *sylvaticus*. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatupaswi kushangaa. Kwetu pia kivumishi hufuata ngeli ya nomino. Maneno yaliyo nomino, kama *oryx* na *strepsiceros*, hayabadiliki. *Imberbis* ni kivumishi, lakini umbo lake ni moja kwa kiume na kike.

i moja au mbili. Nzohe ni *spekii*, kwa i mbili, kwa sababu ndivyo jina lilivyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1863. Utakuta *spekei* kwenye vitabu vingi vinavyoheshimika. Usiifuate. Kanuni zinasema mwisho wa asili unabaki, hata kama mwingine unapendeza zaidi. Nyala ni *angasii*, i mbili. Nyala wa milimani ni *buxtoni*, i moja. Hakuna njia ya kukisia; nakili.

Nzohe huyo, tukiwa bado kwake, ni wa kwetu hata kwa karatasi. Kielelezo kilichotumika kumpa jina kilitoka Karagwe, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipopita kwa mfalme Rumanika. Ukikuta maelezo yanayosema kwamba chimbuko la jina ni Karagwe, Tanzania, hayajakosea.

-us au -os. Bongo ni *eurycerus*. *Euryceros* imezagaa, hata kwenye majarida.

*Umefanikiwa ikiwa* umelinganisha kila jina na chanzo chako herufi kwa herufi, kidole kikiwa kwenye karatasi. Si kwa macho ya haraka. Macho ya haraka husoma yanachokitarajia.

## Hatua ya 7: Mtunzi, mwaka na mabano

Kwenye kibao cha watalii unaweza kuruka hatua hii. Kwenye ripoti ya kitaaluma huwezi.

Kanuni ni moja. Ikiwa spishi bado iko kwenye jenasi ileile iliyopewa siku ya kwanza, mtunzi na mwaka huandikwa bila mabano. Ikiwa imehamishwa, huwekwa ndani ya mabano. Mabano ni kama muhuri wa pasipoti: yanasema huyu alizaliwa kwingine.

Kwa anayeweka wote *Tragelaphus*:

- Pofu: *Tragelaphus oryx* (Pallas, 1766)
- Tandala mkubwa: *Tragelaphus strepsiceros* (Pallas, 1766)
- Pongo: *Tragelaphus scriptus* (Pallas, 1766)
- Bongo: *Tragelaphus eurycerus* (Ogilby, 1837)
- Pofu mkubwa: *Tragelaphus derbianus* (Gray, 1847)
- Tandala mdogo: *Tragelaphus imberbis* (Blyth, 1869)
- Nyala wa milimani: *Tragelaphus buxtoni* (Lydekker, 1910)

Wote saba walizaliwa jenasi nyingine, ndiyo maana wana mabano. Nzohe na nyala walianzia humo humo *Tragelaphus*, kwa hiyo hawahitaji mabano. Kwa nzohe vyanzo hutofautiana: kimoja humtaja Speke, kingine Sclater, wote kwa mwaka 1863. Nakili kama chanzo chako kilivyoandika.

*Tahadhari.* Usiongeze mabano kwa urembo, wala usiyafute kwa sababu "yanachafua ukurasa". Ukiyafuta umesema jambo lisilo kweli.

## Hatua ya 8: Mwandiko wenyewe

Neno la kwanza lina herufi kubwa mwanzoni, la pili herufi ndogo siku zote, hata kama linatokana na jina la mtu. Yote mawili kwa herufi za mlazo. Ukiandika kwa mkono, pigia mstari chini. Mtunzi na mwaka hazilazwi. Jina la kabila, Tragelaphini, lina herufi kubwa lakini nalo halilazwi.

Ukishalitaja jina kamili mara moja unaweza kufupisha neno la kwanza: *T. strepsiceros*. Lakini angalia: *T. oryx* inaweza kuwa *Taurotragus* au *Tragelaphus*. Wapo wanaoitumia makusudi ili wasichague upande. Ni ujanja, siukatai mazungumzoni, ila kwenye ripoti andika jina zima angalau mara ya kwanza.

## Hatua ya 9: Usiwazike majina ya zamani

Kwenye safu ya nne ya daftari lako, kila mnyama awe na majina yake ya zamani. Sababu ni ya kazi, si ya heshima. Droo za makumbusho, daftari za uwindaji na ripoti za miaka ya nyuma zina majina hayo. Ukitafuta *Tragelaphus oryx* kwenye kumbukumbu za mwaka 1970 unaweza kupata ukurasa mtupu, ukaandika kwamba pofu hakuwahi kuonekana eneo hilo. Alionekana. Alikuwa chini ya *Taurotragus*.

Unapotafuta kwenye kompyuta, andika neno la pili peke yake, kisha ujaribu tahajia zake zote: *spekii* na *spekei*, *eurycerus* na *euryceros*.

Na kwenye kibao, sentensi fupi inatosha: "Pofu, *Tragelaphus oryx*; awali *Taurotragus oryx*." Mgeni mwenye kitabu cha zamani mkononi hatamsumbua tena mwongozaji.

## Jaribu kwa lebo mbili

Lebo ya kwanza inasomeka: *Limnotragus spekei*.

Neno la pili linakupeleka kwa nzohe. Neno la kwanza ni chumba cha zamani, kwa hiyo kwa IUCN linakuwa *Tragelaphus*. Mkia una kosa, rudisha i mbili. Jibu: *Tragelaphus spekii*. Kwenye safu ya nne andika *Limnotragus spekei* kama lilivyo, pamoja na kosa lake, maana ndivyo lebo inavyosema na ndivyo mwingine atakavyolitafuta.

Lebo ya pili ni ngumu kidogo: *Boocercus euryceros isaaci*, Kenya.

Maneno matatu, kwa hiyo ni nususpishi. La pili ni bongo, mkia wake usahihishwe kuwa *eurycerus*. Jenasi iwe *Tragelaphus*. Neno la tatu, *isaaci*, ni la bongo wa milima ya Kenya, lililotolewa na Thomas mwaka 1902. Linapatana na mahali palipotajwa, kwa hiyo libakize. Jibu: *Tragelaphus eurycerus isaaci* (Thomas, 1902).

Kama lebo ingesema *isaaci* na mahali pakawa Kongo, hapo ungesimama. Usisahihishe jina. Rudi Hatua ya 1, utafute picha au kielelezo chenyewe, na mpaka ukipate andika *Tragelaphus eurycerus* tu.